Si Hiki Hapa Mbele Yako!

Kama kiharusi kimekupitia, kikakuachia uhai, mguu na mdomo, lakini huipati chumvi jikoni kwako mwenyewe, haya nakuandikia wewe. Na kama wewe ni ndugu wa mgonjwa wa namna hiyo, na umeshaanza kumpangia vyombo upya ili kumrahisishia maisha, hicho kikombe ulichoshika kirudishe kilipokuwa, halafu ukae usome.

Mimi ni mkulima wa pamba na mfugaji, naishi Ngulyati, si mbali na Bariadi mjini. Wananiita Mama Kulwa kwa sababu nilizaa pacha, Kulwa na Doto. Kulwa ni wa kiume, ana kazi ya ofisini Bariadi. Doto ni wa kike, aliachana na mumewe akarudi kwangu, na ndiye niliyekuwa naye shambani siku yenyewe. Baba yao alishafariki. Aliniachia ng'ombe, nami nimewatunza mpaka leo wako kumi na wawili. Zamani nisingethubutu kuitaja hiyo idadi, nitaeleza baadaye kwa nini.

Ilikuwa Januari, palizi ya kwanza ya pamba. Tulikuwa tunapalilia sambamba, kila mmoja na mistari yake miwili. Doto akaniita.

"Mama, mbona unauruka mstari?"

"Mstari gani?"

"Huo wa kushoto. Tangu kule mwanzo hujaugusa."

Nikamwambia asinifundishe kulima, nilishika jembe kabla hajazaliwa. Nikageuka kumwonyesha kwamba mstari nimeupalilia, na hapo mguu ukanikatalia. Nilianguka juu ya miche yangu mwenyewe. Nakumbuka udongo mdomoni, na Doto akipiga kelele kwa Kisukuma kuwaita majirani.

Hospitali ya mkoa nililazwa siku tisa. Mdomo uliokuwa umekwenda upande ulirudi taratibu, na mguu nao ukarudi, nikawa natembea kwa fimbo. Watu wakaja na uji, wakamshukuru Mungu, wakaniambia nimepona. Na mimi niliamini nimepona, mpaka siku ya sita nilipowalalamikia kwamba chakula ni kidogo. Kila siku naletewa ugali nusu sahani na mboga hakuna. Nilinuna kweli, nikasema kama nimekuwa mzigo wanieleze. Doto akaishika sahani akaizungusha, na nusu nyingine ya ugali ikatokea, na mlenda, na kipande cha samaki kilichokwisha kupoa.

"Si hii hapa mbele yako, mama!"

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo. Kama ningejua nitayasikia mara ngapi mwaka huo, ningemwambia ayaandike kwenye kibao ayatundike ukutani, apumzishe mdomo.

Nieleze vizuri, maana watu hawaelewi. Upande wangu wa kushoto si giza. Hakuna pazia jeusi, hakuna ukungu. Upande wenyewe haupo tu, kama vile mgongoni kwako hapapo, na wewe husumbuki kwa kutoona mgongo. Kwa hiyo hujui kwamba unakosa kitu. Unajua tu kwamba umegonga bega kwenye mlango, tena mlango uleule, bega lilelile, mpaka linakuwa la bluu. Chai unaimwaga pembeni ya kikombe. Mtu anakusalimia kutoka kushoto humwitikii, halafu anakwenda kusema Mama Kulwa siku hizi anaringa.

Nilinunuliwa miwani. Jamaa mmoja mjini alinipima kwa haraka akanipa miwani, na kwa miwani ile nikawa sioni kushoto kwa uangavu zaidi.

Februari tukapelekwa Mwanza. Sitaki kuwachosha kwa habari za vipimo, nitasema habari za benchi. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nami nilikuwa nimeshaanza vidonge vya presha, vile vinavyokupeleka msalani kila baada ya muda mfupi. Ukienda msalani unaogopa jina lako litaitwa, usipokwenda unaaibika. Nikawa natafuta kadi yangu. Nimepekua mkoba, nimepekua kanga, nikamlaumu Doto kwamba ameipoteza, nikamlaumu karani wa mapokezi, na machozi ya hasira yakaanza kunitoka. Mama mmoja aliyekaa kushoto kwangu, ambaye mimi sikujua kama kuna mtu, akanigusa mkono polepole na kuniwekea kadi kwenye kiganja. Ilikuwa pajani kwangu muda wote, upande wa kushoto.

Mama yule alitoka Kiloleli, amemleta mumewe. Hakusema "si hii hapa". Alifungua mfuko wake akatoa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, akanimegea. Tukatafuna kimya kimya mpaka jina langu likaitwa. Wabeja, asante sana, mama wa Kiloleli, popote ulipo.

Daktari alisema macho yangu ni mazima, kilichoumia kiko kichwani, na upande ule unaweza kurudi kidogo au usirudi. Nimeze dawa, nipunguze chumvi, nifanye mazoezi. Nilimuuliza kama nitaweza kuchunga ng'ombe. Akacheka kidogo, akasema hilo yeye hawezi kulijua. Basi tukarudi nyumbani na pamba ikiwa magotini.

Kulwa alikuja Jumapili, akakaa kwenye kigoda cha baba yake, nikajua ameshaamua jambo.

"Mama, mimi nimefikiria. Hawa ng'ombe wapelekwe Shishiyu kwa baba mdogo. Wewe uje mjini, nikupangie chumba karibu na hospitali."

"Chumba cha nini? Nikae nikitazama ukuta?"

"Huoni, mama. Tusidanganyane. Mtu asiyeona upande atalindaje ng'ombe? Hao sasa ni mzigo."

"Ng'ombe haelemewi na nundu yake," nikamwambia.

"Ndiyo, lakini na nundu nayo inatakiwa ijue ng'ombe yuko wapi."

Huyo ndiye mwanangu, mdomo kaupata kwangu. Tulivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana: wakae mpaka mvua za kwanza za kupanda. Kama mpaka hapo sijapoteza mnyama wala sijajiumiza, tuwaache. Nikipoteza hata mmoja, wanakwenda Shishiyu na mimi nakwenda mjini. Nililala nimefura. Ng'ombe wale ndio kitu pekee ambacho mume wangu aliniachia mkononi, akisema, "Hawa unawajua kuliko mimi."

Ndipo msaada ukaanza.

Wifi yangu Mkwimba, dada wa marehemu mume wangu, alikuja kunihudumia wakati wa palizi ya pili. Ni mwanamke mwenye moyo mwema na mikono isiyotulia. Siku ya tatu nikaingia jikoni nikakuta si kwangu. Ametoa makopo yangu yote, ameleta makopo mapya ya plastiki, mekundu, ya ukubwa mmoja, yana mifuniko ya kuvutia, ameyapanga kwenye rafu kama wanafunzi mstarini.

"Wifi, chumvi iko wapi?"

"Si hiyo hapo."

"Wapi?"

"Hapo hapo mbele yako! Kopo jekundu."

"Yote ni mekundu, Mkwimba!"

"La tatu kutoka kushoto."

Kushoto! Niliegemea ukuta nikahesabu mpaka kumi. Chumvi yangu ilikuwa ikikaa kwenye kopo la mafuta ya kupikia, limebonyea ubavuni tangu Doto alipoliangusha akiwa mtoto. Lile kopo sikuwa nalitafuta. Lilikuwa linanijia lenyewe machoni, hata likiwa nyuma ya sufuria, hata nikiwa na nusu ya macho. Sasa nimeletewa makopo kumi yasiyo na sura, naambiwa ni kwa ajili yangu. Nilimwambia Mkwimba arudishe kila kitu. Akalia. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia guu langu lilishavunjika, anirudishie kopo.

Alilikuta kwa jirani, wanalishia kuku. Nililiosha kwa majivu, nikaliweka mahali pake, na usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Sasa nimtaje Zuhura. Huyu ni binti wa mazoezi pale hospitali, mtu wa Tanga, kapangiwa kazi huku kwetu, Kiswahili chake kinateleza. Nilikuwa nakwenda kwake kila Alhamisi ya pili, na kliniki ya presha kila mwezi, na hivyo ndivyo nilivyohesabu mwaka: pamba ilitoa maua kati ya kliniki ya tatu na ya nne, na nilipokwenda ya tano ilikuwa imeanza kupasuka. Zuhura alinipa ungo wenye mahindi, akachanganya humo maharage machache, akasema nitoe maharage yote. Kazi ya mtoto. Nikatoa, nikamrudishia ungo kwa majivuno. Akauzungusha. Nusu nzima ilikuwa bado ina maharage.

Hakusema "si haya hapa". Alifunga kitambaa cha njano kwenye ukingo wa kushoto wa ungo.

"Mama, usianzie katikati. Geuza shingo mpaka ukione hiki kitambaa. Usipokiona, bado hujaanza. Ukishakiona, ndio uje nacho taratibu kuelekea kulia, mstari kwa mstari, kama unapalilia."

Hapo alinipata, kwa sababu palizi naielewa. Shingo iliniuma wiki nzima. Lakini baada ya mwezi nikawa namaliza ungo.

Nikamwambia sasa shida yangu ni mjini tu, sokoni na hospitali, sehemu nisizozizoea. Nyumbani sina neno, nyumbani naona vizuri.

"Nyumbani ndiko kwenye hatari, mama," akasema. "Sokoni hupajui, kwa hiyo utageuza shingo. Nyumbani unapajua, kwa hiyo hutazami. Unakumbuka tu."

Nilikasirika. Msichana wa juzi, hajawahi hata kuona zizi langu, ananiambia sitazami vitu vyangu. Nilimwitikia ndiyo mwanangu, kwa adabu, nikaondoka nikinung'unika mpaka stendi.

Niwaambie jinsi tunavyowapokea ng'ombe. Baba yangu mzazi alikuwa na ng'ombe wengi, na alikataza kabisa kuwahesabu. Alisema ukimwonyesha ng'ombe kidole ukamtaja wa ngapi, umeshaanza kumpunguza. Jioni alisimama langoni wakiingia, anawatazama, basi. Akiingia wa mwisho anasema, "Mweupe wa Mama Fulani hayupo," na kweli hayupo. Mimi nilijifunza hivyo hivyo. Simtafuti ng'ombe wangu, sura yake inajitoa yenyewe kwenye kundi, na asiyekuwepo namhisi kama jino lililong'oka. Kuna Mkanda, mwenye mshipi mweupe tumboni. Kuna Limi, mwekundu kama jua la jioni. Kuna Mbula, ambaye alizaliwa siku ya mvua kubwa ndiyo maana tukamwita Mvua kwa Kisukuma: wa rangi ya majivu, pembe yake ya kushoto imelegea inaning'inia, na akinywa maji huinua kichwa kila baada ya mafunda mawili kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani.

Basi Kulwa naye akaona anisaidie. Agosti alikuja na kopo la rangi nyekundu akawapaka wote pembeni mwa pembe, eti niwaone kwa urahisi. Sijui nieleze vipi. Jioni ile waliingia ng'ombe zangu, na mimi nikaona rangi nyekundu ikiingia. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Jicho linakimbilia rangi, sura linaiacha. Nilimwambia Kulwa amenipotezea ng'ombe wote kwa mara moja. Akasema, "Mama, kila tunachofanya unalalamika." Na ni kweli, nililalamika kila siku mwaka ule. Nilichoka kulalamika, na nilichoka zaidi kuwa na sababu.

Septemba malisho yalikuwa yamekwisha, na ng'ombe walikuwa wanakwenda mbali. Sisi majirani watano tunachunga kwa zamu, leo wewe unachukua wa wote, kesho mimi. Siku ile zamu ilikuwa ya Masunga, jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, mtu wa maneno mengi na macho machache ingawa yote mawili ni mazima. Jioni akanipitishia wangu langoni. Nikawatazama. Mkanda kaingia, Limi kaingia, ndama wake, wengine, na Mbula nyuma upande wa kushoto, kama kawaida yake, ananyata.

"Wote wamo, mayu?" Masunga akauliza, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Wote wamo."

Asubuhi Doto aliingia kukamua, akatoka na kibuyu kikavu kabla hata hajaanza.

"Mama, Mbula yuko wapi?"

"Yumo humo."

"Hayumo."

"Doto, nilimwona jana akiingia! Mwisho kabisa, upande wa kushoto."

Nilipotamka neno hilo, kushoto, nikaelewa. Nimewahi kufiwa, nimewahi kuumwa, lakini sijawahi kuogopa kama pale. Nilikuwa nimemwona. Naweza kuapa hata leo, rangi ya majivu, pembe imelegea, anaingia. Na hakuwepo. Macho yangu yalikosa, kichwa kikanijazia kwa mazoea, na mimi nikajibu "wote wamo" kwa sauti ya baba yangu.

Kulwa alifika na pikipiki kabla ya saa nne. Hakugomba, na afadhali angegomba.

"Basi, mama," akasema. "Baba mdogo atakuja Jumamosi kuwachukua."

"Hata kumtafuta hatumtafuti?"

"Tutamtafuta. Lakini Jumamosi atakuja."

Masunga alikumbuka kwamba jana walikunywa maji kwenye lambo, lile bwawa la mifugo, pamoja na makundi mengine mengi, labda Mbula alibaki akafuatana na wengine. Leo makundi yale yatarudi kunywa. Tukaenda, mimi nikapakiwa nyuma ya pikipiki na fimbo yangu.

Lambo wakati wa kiangazi ni mkutano wa hadhara. Ng'ombe mia ngapi sijui, vumbi, tope, wachungaji wanapigiana miluzi. Kulwa na Masunga wakaingia kutafuta rangi nyekundu kwenye pembe. Walirudi baada ya muda, majasho yanawatoka, nyuso zimewashuka. Makundi yale yalikuwa yamechanjwa wiki ile, na kila aliyechanjwa kapakwa alama ili asichomwe mara mbili. Alama yenyewe ni rangi nyekundu, kwenye pembe.

"Wote wana nyekundu," Kulwa akasema.

Nilijua nikifungua mdomo nitatukana. Nikapanda juu ya tuta la lambo.

Najua Mbula anavyokunywa: pembeni, peke yake. Nikatazama pembeni, na papo hapo nikamwona. Majivu, kainama. Nikainua fimbo kumwonyesha, furaha imenijaa kifua. Halafu nikashtuka, kwa sababu langoni nako nilimwona hivi hivi. Nikageuza shingo nimtazame vizuri. Alikuwa dume la watu, pembe zote mbili zimesimama, wala hata si rangi ya majivu, ni vumbi tu. Nikashusha fimbo nikajiambia, mwanamke, hapa hupajui, hapa huna mazoea napo, palilia.

Nikatafuta ukingo. Kushoto kabisa kwenye tuta palikuwa na mti mkavu mtu ametundika koti lake. Hicho ndicho kitambaa changu. Nikaanzia kwenye koti, nikaja taratibu, kichwa kwa kichwa, mpaka mwisho wa kulia. Hakuna. Nikarudi kwenye koti, mstari wa pili. Shingo inawaka. Masunga chini anasema, "Mayu, jua ni kali, turudi." Mstari wa tatu, na katikati ya kundi kubwa kabisa, amebanwa na madume mawili, kichwa kikainuka. Kikashuka, mafunda mawili, kikainuka tena, pembe moja inaning'inia.

Hapo sikuwa natafuta tena. Ng'ombe wengine wote walikuwa kama wamesogea pembeni wampishe.

"Yule pale."

"Wapi?" Kulwa akauliza.

"Kule, ubavuni mwa lile dume jeusi."

"Simwoni, mama. Wapi?"

Mungu anisamehe, nilisubiri miezi minane kwa ajili ya siku hiyo. "Si yule pale mbele yako!"

Mwenye kundi hakubisha, mzee wa watu alisema mgeni yule amemsumbua tangu jana. Tukamtoa, Masunga akamswaga nyumbani huku akisimulia kila tuliyekutana naye kwamba yeye ndiye aliyewaza lambo.

Lakini Kulwa hakuwa amebadili nia. Tulipofika nyumbani alikaa tena kwenye kigoda.

"Umempata, nimekubali. Macho yako yana maarifa kuliko yangu. Ila jana uliapa yumo. Kesho utaapa tena. Mimi nitajuaje?"

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na maneno tayari, juu ya Masunga, juu ya rangi yake nyekundu, juu ya makopo. Nikayameza. Nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu, hata Zuhura.

"Jana sikumwona, Kulwa. Nilimkumbuka. Na kwangu hivyo viwili sasa haviachani. Naogopa."

Doto aliacha kufagia.

"Sasa?" Kulwa akauliza.

"Sasa nitawahesabu. Mmoja mmoja, kwa fimbo. Nisiyemgusa hayupo, hata kama nimemwona."

"Mama!" Doto akasema. "Babu je?"

"Babu yako alikuwa na pande mbili."

Kulwa akafikiri, akasema vema, jioni hii atasimama pale atazame. Nikipatia, atampigia baba mdogo. Nikikosea, Jumamosi iko palepale.

Nimeandika haya mvua zikiwa zimeshanyesha na mbegu ziko ardhini. Upande wangu wa kushoto haujarudi, na Zuhura ameniambia ukweli kwamba huenda usirudi. Kwako unayeanza safari hii nasema: vitu vyako vya zamani vishikilie, kopo lililobonyea ni bora kuliko rafu mpya nzima. Lakini mazoea yana taabu, na kitu unachokijua sana kiguse kwa mkono kabla hujasema unakiona. Na dawa za presha zimeze, hata zikikukimbiza msalani. Sasa nimalizie jioni ile.

Nilisimama langoni nguzo ikiwa kushoto kwangu, ili wote wapite kulia. Kulwa alisimama ng'ambo, Doto ubavuni mwake. Wakaja na vumbi lao. Nikainua fimbo, nikasita, mdomo ukawa mzito kama natukana kaburi. "Mmoja," nikasema, nikamgusa Mkanda mgongoni. "Wawili." Limi. "Watatu." Ndama akakimbia, nikamfuata nikamgusa. Hivyo hivyo mpaka njia ikawa tupu.

"Kumi na mmoja," nikasema.

Mbula tulikuwa tumemleta wenyewe kutoka lambo, nimemsikia akilia pale uani. Kila mtu alijua wako kumi na wawili. Ningeweza kulitamka tu, na nusu ya mdomo wangu ilishaanza. Nikajizuia.

"Kumi na mmoja," nikarudia, na hasira ikanipanda kwa kila kitu, kwa kichwa changu, kwa Januari, kwa mstari ule wa pamba. Niliona Kulwa akifungua mdomo, mkono wake umeanza kuinuka kuonyesha kitu. Nikamsubiri aseme. Akaufunga mdomo. Akashusha mkono, akautia mfukoni, akasubiri.

Nikaitafuta nguzo. Nikageuza shingo mpaka nikaiona, halafu nikaipita, mbali zaidi ya ninavyopenda kugeuza. Mbula alikuwa amesimama nyuma ya nguzo upande wa nje, karibu kabisa, analamba chumvi ya jasho kwenye kanga yangu. Nikamwekea fimbo mgongoni.

"Kumi na wawili."

Kulwa akatoa simu akampigia baba yake mdogo Shishiyu, akamwambia Jumamosi asihangaike kuja. Halafu akaja akamswaga Mbula ndani na kufunga lango, na hakuna mtu aliyeniambia alikuwa wapi.